Aliyebisha Mlango wa Depo

Katika kampuni ya maharage ya Kasereka, hapa Kampemba, mbali kusini mwa Goma, kazi yangu ni kutazama mtandao wa ndani: nani ameingia, kutoka wapi, amefungua nini. Ukitazama muda mrefu unaanza kuwajua watu kwa makosa yao. Vital, msimamizi wa depo yetu ya Goma, kila asubuhi aliandika jina lake mwenyewe mahali palipotakiwa jina la depo. Mfumo ulimkataa, ndipo akaandika sawasawa. Nilipomkumbusha alicheka. Alisema kompyuta haina adabu, ingefaa imsalimu kwa jina lake.

Goma ilipotekwa na waasi, simu yake ikanyamaza. Mkewe, Kyakimwa, anayepokea wateja wa maharage hapa ofisini, hakuacha kuja kazini. Akifika alivuta kiti hadi mezani kwangu, tukautazama mstari wa Goma, mtupu.

Asubuhi moja mstari ukaamka. Depo ya Goma ilikuwa imeingia.

"Njo yeye," Kyakimwa akasema, ameshika ukingo wa meza. "Papa Mwenze, iko muzima."

Nikausoma mstari tena. Jina la depo lilikuwa limeandikwa sawasawa mara ya kwanza. Neno la siri pia. Na huyo aliyeingia alikuwa anafungua ukurasa wa malori: lipi liko wapi, limebeba nini, dereva nani.

"Mama, neno la siri Vital alilibandika wapi?"

"Chini ya clavier, ile ya kuandikia. Si ulimugombeza juu ya ile?"

"Huyu hakukosea."

Akasema polepole, "Pengine woga imemufundisha. Ukifunga, na kama ni yeye?"

Nikatazama tena ukurasa wa malori. Nilijua tu kwamba madereva wetu wawili walikuwa bado barabarani kule Kivu, na mtu fulani alikuwa anasoma njia zao. Nikafunga mlango wa Goma, nikabadilisha maneno yote ya siri, nikampigia patron, Kasereka mwenyewe, awageuze madereva.

Kyakimwa alirudisha kiti mahali pake. Tangu hapo alinisalimu kwa heshima, akapita.

Wanaobisha na kukataliwa, mfumo huwaandika pia. Nilizoea kuwasoma baada ya chakula, wengi wao takataka za mtandao. Mchana mmoja nikaona, kutoka Butembo, mji ambao haujatekwa, jina moja: vital. Kisha jina la depo, likakataliwa kwa sababu neno la siri lilikuwa la zamani. Kisha tena: vital.

Nikamwita Kyakimwa. Alisoma akiwa amesimama.

"Kwa nini hapigi simu?" nikauliza.

"Namba atatoa wapi? Ile simu njo ilikuwa kichwa yake. Batakuwa bamemunyanganya."

Mstari mwingine ukaongezeka mbele ya macho yetu: vital.

"Huyu mwanaume," akasema. "Hata vita haikumufundisha." Akaenda kuleta kiti.

"Patron ana ndugu Butembo," nikamwambia. "Watamtafuta. Mlango siufungui mpaka tusikie sauti yake."

"Bamutafute," Kyakimwa akasema. Alikuwa ameketi, uso karibu na kioo. "Na wewe usikimbilie kufungua, Papa. Muache abishe tena, nimuone."