Ufa wa Chumba cha Tatu

Jirani yangu Mukeshimana hata mdomo wa kupangisha nyumba hana. Hasifii vyumba vyake, habembelezi mtu, na bado havijawahi kukaa wazi hata wiki. Mpangaji akitoka asubuhi na godoro lake, mchana anaingia mwingine na lake. Mimi niko upande wa huku wa ukuta wetu, na vyumba vinne vile vile, vimejengwa na fundi yule yule, mabati yametoka duka moja. Lakini kimoja, cha tatu, kimekaa kitupu mpaka buibui wamezaana humo. Halafu mnataka nisione wivu? Naona. Roho inaniuma, na sitaki mtu anipe pole.

Kama ingekuwa basi ana asili ya hapa, ningesema haya. Wao wamerudi kutoka Kongo juzi juzi tu na masufuria yao, wakati babu yangu alikuwa akiuza vitambaa Gisenyi kabla barabara hazijatiwa lami. Mama yangu mzazi ni wa Ujiji, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka. Cha Mukeshimana kinakwenda kama pikipiki isiyo na breki. Na wapangaji wanamwelewa yeye!

Nikaanza kumuiga. Alipaka milango rangi ya kijani, nikapaka kijani. Aliweka mita ya umeme kila chumba ili wapangaji wasigombane, na mimi nikaweka. Nikashusha kodi. Viateur, komisiyoneri anayetuletea wapangaji sote wawili, alikuwa akiwapitisha kwangu kwanza kwa sababu mimi ndiye ninayempa chai. Wanaingia chumba cha tatu, wanautazama ukuta wa nyuma, wanapitisha kiganja, wanatazamana. "Asante Mama, tutarudi." Baada ya muda nasikia sauti zao kwa Mukeshimana, wanauliza maji yanatoka saa ngapi. Anayeuliza maji huyo amekwisha kupanga.

"Kwani wanaona nini pale?" nilimuuliza Viateur siku moja.

"Mama Sule, wanaona rangi mupya."

"Rangi mpya imekuwa kosa?"

"Bon, kwa nyumba yote, hapana. Lakini kwa ukuta moja tu, mutu wa hapa anajiuliza chini yake iko nini."

Nilimfukuza kabla hajamaliza chai yake.

Mwaka ule volkano ilipolipuka upande wa Goma, ardhi ilitetemeka siku nyingi na nyumba za huku zikapasuka. Ufa mmoja ulianzia kwa Mukeshimana, ukapita chini ya ukuta unaotutenga, ukatokea kwangu kwenye chumba cha tatu. Ufa mmoja, watu wawili. Mimi nilifanya anachofanya kila mwenye nyumba mwenye akili. Nilinunua saruji na rangi, nikaziba. Ukijitokeza tena, naziba tena. Mukeshimana, mvivu yule, hakuziba kitu. Alikata vipande vyembamba vya kioo cha dirisha, akavigandisha kwa plasta kukatiza ufa, akaviacha hapo kila mtu avione. Mpangaji akija, anampeleka hapo hapo kwenye ufa kabla hata ya kumwonyesha choo. Nilikuwa namsikia nikiwa huku kwangu kwenye cherehani.

"Angalia muzuri. Ukuta ilipasuka wakati ya volkano. Hii kioo ikikatika, njo kusema ukuta inatembea. Siku hiyo utoke, nitakurudishia franga yako. Mi sifichi mutu."

Nilicheka peke yangu. Nani anapangisha nyumba kwa kuonyesha kidonda chake? Nikakaa nikingoja wamkimbie. Walilipa miezi mitatu mbele.

Hayo yote ningeyameza. Lakini mwaka huu mwanangu Sulaiman alioa. Sule ni mtoto wangu wa pekee, motari, anabeba abiria kwa pikipiki, kijana asiye na maneno mengi. Nilimwambia chumba cha tatu ni chake na mke wake Cyuzuzo, bure, wala asinisumbue kwa shukrani. Nikakishonea mapazia kwa mkono wangu, ya kitambaa nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe. Siku ya kuhamia nikasimama mlangoni nikiwangoja. Walikuja na kitanda juu ya mkokoteni, wakanisalimia kwa heshima zote, wakanipita, wakaingia kwa Mukeshimana.

Kwa kulipa! Mwanangu anamlipa kodi mwanamke yule, na chumba cha bure kiko kwa mama yake!

Niliona watu wote wa mtaa wananicheka. Jioni nilikuwa nasikia Cyuzuzo na Mukeshimana wakitwanga sombe, majani ya muhogo, na kucheka, nikajiuliza wanamcheka nani kama si mimi. Mkwe wangu alipopata mimba, wa kwanza kujua alikuwa Mukeshimana. Mimi niliambiwa na Viateur. Na komisiyoneri! Siku hiyo nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikamrudishia mteja vazi lake na matusi juu.

Nikamwita Sule. "Yule mama amekulisha nini?"

"Hakuna, Mama."

"Mbona chumba cha mama yako unakikimbia?"

Akaangalia kofia yake ya pikipiki. "Mama, ile rangi ni mimi niliyekuwa naipaka. Kila ukiniita kuziba, vidole vyangu vinaingia ndani zaidi. Siwezi kumlaza Cyuzuzo pale."

"Ufa ni ule ule! Hata kwa Mukeshimana uko!"

"Uko. Lakini kule nauona."

Nikapiga kelele. Nilimwambia amenidhalilisha, amemfanya mwanamke mwingine kuwa mama yake, na mtoto wake atajifunza kutembea kwenye ua wa jirani. Sule akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Weka kioo na wewe. Kikikaa kizima mpaka Cyuzuzo akaribie kujifungua, tutahamia kwako. Wallahi, Mama."

Niliibandua rangi siku hiyo hiyo. Sitaki kusema nilichokiona chini yake. Nilitia saruji kwa mara ya mwisho, nikagandisha kioo changu juu, kipana kuliko cha Mukeshimana, nikaanza kukilinda. Kila nikimaliza sala ya alfajiri nakwenda kukitazama. Kizima. Mwezi ukapita, kizima. Tumbo la Cyuzuzo likatangulia mbele yake, na kioo bado kizima. Nikaanza kupanga kitanda cha mtoto kitakaa wapi. Nikapanda juu ya kigoda, nikachungulia juu ya ukuta, nikamwita Mukeshimana kwa jina la mwanawe.

"Mama Gwiza, tafuta mpangaji mwingine. Mwanangu anarudi nyumbani."

"Imana ishimwe, Mama Sule!" akajibu, akimshukuru Mungu. "Mutoto alelewe na nyanya wake, njo vizuri."

Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ningependa anune kidogo.

Alhamisi moja asubuhi nikaingia nikakuta kioo kimekatika katikati. Ardhi haikuwa imetetemeka. Hakuna aliyegonga ukuta, mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ninao mimi. Nilikaa chini kwenye saruji. Nikakumbuka kwamba kwa Mukeshimana vioo vyote ni vizima. Kwake ufa umelala usingizi, kwangu unatembea. Hata ufa nao umemchagua yeye! Nilimchukia siku hiyo mpaka nikasikia uchungu mdomoni.

Sule alikuwa amesema atakuja Ijumaa baada ya msikiti kuangalia kwa mara ya mwisho. Na kwenye droo ya cherehani kulikuwa na kipande cha kioo kilichobaki.

Basi nilikigandisha. Plasta haichelewi kukauka. Nikakipaka vumbi kidogo kwa kidole kisionekane kipya.

Walikuja wote wawili. Sule akagusa kioo huku na huku, akageuka akanichekea kama alivyokuwa akinichekea akiwa mdogo. Tangu aoe sikuwa nimeliona cheko lile. "Mama, umetushinda. Jumapili tunaleta kitanda."

Nilikuwa nimeshinda. Ng'ambo Mukeshimana alikuwa anasugua sufuria, nilimsikia, na nilitaka nipande kigoda nimwambie hapo hapo. Cyuzuzo alikuwa amechoka kusimama. Akaegemeza mgongo wake kwenye ukuta ule, karibu kabisa na kioo, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Mama," akaniuliza, "mtoto tumlaze upande huu?"

"Toka hapo," nikasema.

"Mama?"

"Toka ukutani, binti yangu, toka! Hicho kioo nimekiweka jana. Cha kwanza kimekatika."

Sule alimshika mke wake mkono, akamtoa nje taratibu kama anavuka naye barabara. Nilingoja anigeukie anitukane. Hakunigeukia. Nikasikia lango la Mukeshimana likifunguka, kisha likafungwa.

Jumatatu nilimleta fundi akabomoa chumba cha tatu chote. Sikutaka kukitazama tena. Pale sasa ni kiwanja kitupu, na vitatu vilivyobaki vina watu. Viateur anasema wapangaji wanakuja kwa sababu mtaa mzima uliniona nikibomoa. Wakifika nawaonyesha kila mstari ulio ukutani, hata wa rangi iliyopasuka tu kwa jua. Ninafanya kama Mukeshimana, ndiyo, na mtu asinikumbushe.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Walipotoka hospitali walirudi pale pale. Mimi sikwenda. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona, nikisikiliza. Sule hakuwa amekanyaga kwangu tangu Ijumaa ile, na miguu yangu ilikuwa mizito kwenda kubisha lango la yule mama kumwona damu yangu mwenyewe. Ikapita asubuhi. Kisha sauti ile isiyo na breki ikaita.

"Mama Sule! We unangoja nini? Mujukuu wako analia, kuja umubebe! Mwana yako ananituma nikuite."

Nilikwenda bila viatu. Sule alikuwa mlangoni, akaniamkia, akanipisha. Cyuzuzo alikuwa kitandani. Mtoto alikuwa mikononi mwa Mukeshimana, amekwisha kuogeshwa, amepakwa mafuta, amefungwa kwa kitenge cha Mukeshimana. Kumbe na hilo amenitangulia. Nikanyoosha mikono. "Lete hapa," nikamwambia, na sikusema asante.

Alinipa. Mtoto akanyamaza kifuani kwangu, na wote watatu waliona kwamba amenyamaza kwangu. Kitanda chao kimewekwa sambamba na ule ukuta wenye ufa. Nikasogea nikaangalia kioo kimoja kimoja, toka chini mpaka macho yangu yalipoishia. Vyote vizima. Nikamwomba Mungu vibaki hivyo. Ni mara yangu ya kwanza kumwombea mwanamke yule jambo jema, na roho iliniuma vile vile.