Uso Ambao Matano Hakuuona

Asubuhi ya Jumatatu, mwaka ule wa uchaguzi, Matano alikuta mikarafuu yake michanga minane imelazwa chini kwa shoka. Mbali kidogo aliona mgongo wa mtu akipotelea migombani, anachechemea.

Mtu wa kuchechemea pale kijijini Kengeja alimjua mmoja tu: Jecha, jirani yake wa shamba, mjukuu wa mtu wa bara, aliyevunjika mguu zamani kwa kuanguka mkarafuuni. Naye alikuwa wa chama kile kingine. Tangu kampeni zianze walikuwa hawaamkiani.

"Nimemuona Jecha," Matano akasema baraza moja hadi nyingine. Akasema tena msikitini. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, wanaume kumi na watano wa chama chake walijaa uani kwake na mapanga, Mbarouk, mkubwa wao, akiwa mbele.

Matano akaingia ndani kuchukua panga lake. Mkewe, Kazija, alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba.

"Baba Siti, alivaa nini huyo mtu?"

"Shati la kaki."

"Juzi ulinambia nguo hukuziona. Jana ndipo likaja shati. Leo umemwambia Mbarouk aligeuka akakutazama. Alikutazama saa ngapi?"

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nakuuliza."

Matano alifumba macho autafute ule uso. Ukamjia waziwazi, unacheka, na kofia ya viua kichwani. Kofia ile Jecha aliivaa siku ya harusi ya Siti, binti yake Matano. Hajapata kuivaa shambani. Uso ule kautia mwenyewe. Na mguu je? Aliyekanyaga mwiba hachechemei?

Alipofumbua macho, ua ulikuwa kimya. Wenzake wamechoka kumngoja, wameshaondoka.

Alikimbia kwa njia ya mkato, akawakuta Mbarouk na wenzake wanaupiga mlango wa Jecha kwa mateke. Akapenya katikati yao, akaubana mlango kwa mgongo.

"Sikumuona uso!"

"Unasemaje?"

"Niliona mgongo tu. Mengine nimeyatia miye."

"Kahongwa huyu!" mmoja akapiga kelele.

Mbarouk akamwekea ncha ya panga kifuani. "Siku tatu unatuapia, Matano. Ulikuwa ukituongopea?"

"Nilikuwa naamini, Wallahi." "Leo nimejiuliza, na sikuuona uso."

Mbarouk alimkazia macho mpaka jasho likamtiririka Matano shingoni. Kisha akashusha panga, akatema mate. "Toka leo wewe si mwenzetu." Wakaondoka mmoja mmoja. Wa mwisho akaukata mgomba wa Jecha kwa hasira.

Mlango ukafunguka kidogo. Jecha alikuwa na mchi mkononi.

"Siku tatu mke wangu hauziwi hata chumvi," alisema. "Na kama ni mimi kweli niliyekata?"

"Sijui. Sijui kama ni wewe, wala kama si wewe."

Jecha akafunga mlango. Komeo likalia.

Aliyekata mikarafuu ile hakujulikana kamwe. Kesho yake Matano alianza kupita baraza zote alikomtaja Jecha, kusema kuwa uso hakuuona. Ya kwanza wakamcheka. Ya pili hakuna aliyesogea kumpisha akae, basi akayasema akiwa kasimama, akashika njia ya baraza ya tatu.