Nundu Isiyopungua

Dekow alikuwa na kibyongo, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote katika shule ya bweni aliyosomea pale Garissa. Mgongo wake ulianza kupinda alipokuwa darasa la saba, ukaendelea kwa bidii ambayo walimu wangependa kuiona katika hesabu zake. Alipofika kidato cha pili alitembea kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Katika swala, wenzake wakiwa bado wima, yeye alionekana amekwisha anza kurukuu. Maumivu yalikaa katikati ya mabega yake kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini katikati ya muhula baba yake, Mzee Korane, mfugaji wa ngamia kule Hadado, alimtumia ujumbe kwa dereva wa lori: shule ikifungwa atakuja kumchukua ampeleke kwa mzee anayetibu kwa moto. Vyuma vyekundu, vitano kila upande wa uti wa mgongo. Dekow aliwahi kumshika ngamia kichwa akichomwa namna hiyo. Harufu ile hakuisahau.

Alikuwa na wiki saba za kunyooka.

Kila Jumamosi akawa anaomba ruhusa kwenda kwa Salat, bwana aliyesomea kazi ya viungo na kuwakanda watu katika chumba kimoja karibu na soko la mifugo. Siku ya kwanza Salat alimlaza kifudifudi, mto chini ya kifua, akapasha mafuta ya simsim ndani ya mkebe. Kisha alipitisha vidole gumba kando ya uti, taratibu, mpaka misuli iliyokaza kama kamba ya kisima ikaanza kulegea.

"Nisikilize, Dekow. Misuli nitailegeza. Maumivu yatapungua, utapumua vizuri, pengine utasimama wima zaidi kidogo. Lakini mfupa uliokwisha pinda, mikono yangu haiunyooshi."

Dekow aliyasikia yote isipokuwa hayo ya mwisho. Usiku ule alilala bila kugeukageuka, akaamka akiwa na hakika kwamba amepona.

Wiki ya nne maumivu yalikuwa yamepungua kweli, lakini kibyongo kilikuwa pale pale. Hapo ndipo alipoikumbuka elimu ya nyumbani. Kila mtoto wa wafugaji anajua kwamba ngamia akikosa malisho, nundu yake huisha. Kiangazi cha mwaka uliopita, wa tisini na sita, aliziona nundu zimelala ubavu kama magunia matupu. Hazikuhitaji dawa wala moto. Njaa ilitosha.

Kuanzia siku hiyo chakula chake kilimwendea Mustafe, jirani yake wa kitanda, kijana ambaye hakuwahi kuuliza maswali mbele ya sahani. Aliuliza wiki ya pili ya njaa hiyo, alipokuwa ameshiba.

"Wallahi wewe ni walii," alisema akivuta githeri ya Dekow, mahindi na maharagwe yote. "Lakini ukiendelea hivi, hiyo nundu itahamia kwangu."

"Itakufaa. Utakaa kiangazi kizima bila kunywa maji."

"Na ukifa?"

"Chukua godoro. Viatu vina tundu."

Mustafe alicheka, kisha akaacha kucheka, akamsukumia sahani. Dekow aliirudisha.

Siku ya kufunga shule alijikokota hadi kwa Salat, macho yakiona giza kila alipovuka barabara. Salat alimvua shati. Mbavu zilihesabika. Nyama yote ya mgongo ilikuwa imekwenda, na kibyongo, kilichobaki peke yake, kilionekana kikubwa kuliko zamani.

"Tangu lini huli?"

Dekow alimweleza habari ya nundu na njaa. Alipomaliza, baba yake, aliyeelekezwa huko na Mustafe, alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, amesikia yote.

"Adeer, karibu," Salat alimwambia kwa heshima. "Bonyeza hapa."

Mzee Korane alikuwa amenunua na kuuza ngamia miaka thelathini. Kidole gumba chake kiliweza kukwambia mnyama amekula majani mabichi miezi mingapi. Alibonyeza. Akabonyeza tena, chini zaidi.

"Hakuna mafuta."

"Ni mfupa, adeer. Ndivyo ulivyokua. Njaa haiupunguzi. Na moto utaunguza ngozi iliyo juu yake tu."

"Nani alikwambia uache kula?" mzee alimuuliza mwanawe.

"Ngamia, Aabo."

Mzee hakucheka. Alikaa juu ya benchi, fimbo kati ya magoti.

"Atanyooka lini?"

"Hatanyooka," Salat alisema. "Akikandwa na kufanya mazoezi, hataumia sana. Hilo ndilo ninaloweza."

Safari hii Dekow aliisikia sentensi nzima. Aligeuza uso kwenye mto.

Nje, dereva wa lori alipiga honi. Mzee Korane alivua saa yake, akaitia mfukoni.

"Hadado hakuna mtu wa kazi hii. Nionyeshe."

Salat alimmwagia mafuta viganjani. Mikono ile ilikuwa mikavu, yenye sugu, na ilibonyeza kwa nguvu mno.

"Polepole, adeer. Huyu hauzwi."

Mikono ikapunguza nguvu.

"Na yule mzee wa moto, Aabo?" Dekow aliuliza ndani ya mto.

"Moto wake atachemshia chai."

Honi ikalia tena. "Mwambieni angoje," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Kijana hajala."

Misuli ililegea mmoja baada ya mwingine. Mto ulikuwa umelowa. Kila vidole vya baba yake vilipofika kwenye ule mfupa, vilisimama kidogo, vikaupita, na vikirudi viliukuta pale pale.