Shati la Mtoni

Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti. Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na upepo mkavu, upepo ambao dobi yeyote angeushukuru. Mama Pasi hakuushukuru. Alisimama uani nyuma ya duka, mkoba ungali begani, akitazama nguo nyeupe zikipepea kambani.

Zilikuwa nyeupe mno.

"Umeona, mama?" Mkwewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja tangu alete mashine za kufulia, alitokeza mlangoni akitabasamu hadi magego. "Ulipokwenda kumuuguza mama mkubwa nikafungua lile kabati lako. Mafurushi yananuka vumbi! Nikasema, mama akirudi asikute aibu hii. Nimezipitisha kwenye dawa ya kung'arisha mara mbili."

Mama Pasi alisogea kambani, akageuza nguo moja baada ya nyingine.

Lile kabati halikuwa la nguo chafu. Lilikuwa la nguo za safari. Watu walimletea mavazi waliyovaa walipokwenda kuhiji, kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na panya, au unyevu, au wajukuu. Mlikuwa na shuka mbili za Haji muuza mbao, alizojifunga Makka, na jasho la kuizunguka Kaaba lilikuwa limezichora ramani. Mlikuwa na joho la mwokaji mikate, Mbudha, aliyetembea kutoka hekalu hadi hekalu katika kisiwa cha mbali, na kila alikofika akagongewa muhuri mwekundu mgongoni pa joho hilo. Na mlikuwa na shati refu la Fundi Saa, aliloingia nalo Mto Yordani. Dini zao mbalimbali, agizo lao moja: isifuliwe, nitazikwa nayo.

Kazi yake ilikuwa kuzianika kivulini, kuzikunja upya ili mikunjo isikate uzi, na kuzirudisha. Hakuzigusa kabla ya kuomba. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda kokote, lakini kila alipoweka kiganja juu ya pindo lile lenye udongo wa mtoni, moyo wake ulipiga magoti.

"Mihuri iko wapi?" hatimaye aliuliza.

"Ule wino? Ulisumbua kidogo, lakini umetoka."

"Umetoka! Umemvua mtu mahekalu yake yote, halafu unaniambia umetoka!"

"Mama, punguza sauti. Wateja watasikia."

"Wateja gani? Wateja ndio hao, umewaning'iniza kambani!"

Meneja alitazama nguo, akamtazama mama mkwe wake, na tabasamu likaanza kumponyoka. Akalisaidia kurudi. "Haya, nimekosea. Tuzikunje, tuzirudishe kabatini, basi. Nyeupe ni nyeupe. Siku watakayozivaa hawatakuwa na macho ya kukagua."

Damu ilimpanda Mama Pasi hadi masikioni. Kabla hajamjibu mtu wa namna hiyo, tena mume wa bintiye, mlango wa mbele uligongwa. Aliyegonga alikuwa binti wa Fundi Saa, kanga imefungwa ovyo, macho mekundu.

"Mama Pasi, baba analitaka shati lake. Tangu alfajiri anapapasa shuka. Nesi ametuambia tusiende mbali."

Meneja alikuwa mwepesi. Alilichomoa shati kambani, akalikunja kwa ustadi, akalitia kwenye mfuko wenye jina la duka. "Hili hapa, dada. Pole sana."

"Limefuliwa," alisema Mama Pasi.

Binti alilitoa mfukoni, akaligeuza mbele na nyuma. Pale kifuani, palipokuwa na tone la nta ya mshumaa, hapakuwa na kitu. Akamgeukia Mama Pasi. "Baba alikukabidhi wewe! Wewe, Mama Pasi!"

"Alinikabidhi, na limefuliwa humu dukani mwangu. Nakuja kumwambia."

"Usimwambie!" Hasira yake iligeuka ombi papo hapo. "Haoni vizuri siku hizi. Tumvishe tu, afe kwa amani."

"Ndicho ninachosema mimi," Meneja alidakia.

"Wewe nyamaza. Na utakuja nasi."

"Dukani atabaki nani?"

"Mashine zako. Si zinajua kila kitu?"

Chumba cha Fundi Saa kilikuwa na kitanda, meza ya kazi chini ya dirisha na majirani wawili waliokuja kumjulia hali. Mgonjwa alikuwa amekonda hadi masikio yakaonekana ya mtu mwingine. Alilipokea shati kwa mikono miwili. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama vikateleza kwenye pindo, vikasimama, vikarudi nyuma.

"Udongo wangu uko wapi?"

"Umekauka tu, baba," alisema binti.

Mzee alilinusa. Mama Pasi aliomba kimoyomoyo, neno moja tu, kisha akasogea karibu.

"Haukukauka, kaka. Shati limefuliwa. Nilipewa kulilinda, nami sikulilinda."

"Nani kalifua?"

Meneja aliangalia viatu vyake. "Ilikuwa mashine, mzee," akasema.

"Mashine ilifungua kabati?"

"Mimi ndiye."

"Kijana," alisema Fundi Saa, akivuta pumzi kila maneno machache, "umeufua mto. Mimi niliingia mle na marehemu mke wangu akinishika mkono. Tope lile alilikanyaga yeye, likanirukia mimi. Sasa wewe, na sabuni yako ya maua..." Akakohoa. Jirani mmoja akamwinua.

"Tutakufidia, mzee. Sema tu kiasi."

"Mtoeni nje huyu!" jirani akafoka.

"Aa, abaki." Mzee alimgeukia binti yake. "Nivisheni. Sasa hivi. Sitangoja kufa. Bado nina siku mbili tatu za kulichafua, na nileteeni chai, mkono wangu unatetemeka, nitamwaga vizuri."

Binti alicheka huku akilia. Walimvisha, mkono mmoja, kisha mwingine, na Mama Pasi akamfunga vifungo.

"Na wale wawili?" mzee aliuliza. "Haji na mwokaji. Wanajua?"

"Bado," alisema Mama Pasi, akimtazama mkwewe. "Huyu alitaka wasijue."

"Basi aseme hapa atafanya nini. Kwa sauti. Masikio yangu nayo yanakwenda."

Meneja alitazama mlangoni. Majirani walikuwa wamesimama bega kwa bega. Akavua kofia.

"Nitakwenda kwa Haji," alisema, "halafu kwa mwokaji."

"Lini?"

"Leo. Nikitoka hapa na kupitia dukani. Kwa miguu, na nguo zao mikononi, bila mfuko. Nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba ni mimi niliyezifua, si Mama Pasi. Na wakinifukuza mlangoni, nitarudi kesho niwaambie tena."