Taa ya Shimoni kwa Kitwana

Wewe mwenzangu, nifumbulie hiki. Nina mtumishi mwenye jicho moja, namtanguliza shimoni kabla yangu. Akirudi jicho li wazi, nashuka. Akirudi kalifumba, sishuki hata nikisukumwa. Ni nani huyo? Usiharakishe, kaa nacho, tutakikuta njiani.

Zamani za Mwingereza, hapa Kisarawe, kwa sisi wenyeji nyumba yenye choo cha ndani ilikuwa moja tu, ya Bwana Kitwana mwenye duka la nguo. Bomba la choo lilipita chini ya ukuta likamwaga uani, kwenye shimo refu lililofunikwa kwa zege. Maji yake tulipanda nayo kilima kwa madebe, tukajaza tangi. Watu walicheka sana. Bibi Tatu, jirani yetu, alikuwa akisema, "Kitwana kayaleta mavi sebuleni, bado kuyakaribisha kahawa."

Mama yake Kitwana akafariki. Siku ya arobaini ndugu walijaa, wengine wametoka Chole, wengine Ruvu, wakalala hapo. Tangi likakauka. Sasa mgeni wa shamba akikosa maji chooni anafanya nini? Anafanya kama kwao, anajipangusa kwa gunzi la muhindi. Kwenye choo cha shimo gunzi halina neno, linaanguka na kusahaulika. Kwa Kitwana lilikwenda likakwama kwenye bomba, na la pili likalifuata, na mengine juu yake. Asubuhi ya hitima uchafu ulirudi juu, ukavuka kizingiti, ukaanza kuteremkia uani tulikokuwa tunachambua mchele. Na Sheikh alikuwa njiani anakuja.

Akaitwa Thadeo, fundi wa mabomba, Mkristo aliyejifunzia kazi relini. Alikuwa mtu wa utani, alituuliza sisi wasichana kama pilau ya leo inaungwa na nini. Akachokora kwa waya mpaka jasho likamtoka. Magunzi yalikuwa yamejikaza kwenye mdomo wa bomba, ndani ya shimo, na huko hakufiki mtu bila kushuka.

Basi akaomba kandili na kamba. Ndiye mtumishi wetu huyo, kama hujamjua. Thadeo alieleza kwamba hewa ya shimo la namna ile inaua, na taa ndiyo inayoijua kabla ya mtu. Kamba akampa Adamu, mdogo wake Kitwana, kijana mpole ambaye hajawahi kumjibu kaka yake. Akamwambia aiteremshe taratibu mpaka chini, kisha aipandishe. Yeye akaingia ndani kulegeza bomba kwa upande wa choo. Kitwana akawa anapiga kelele kutoka barazani, Adamu fanyeni haraka, Adamu mtaniaibisha.

Thadeo alipotoka aliuliza, "Imewaka mpaka chini?"

Adamu aliinua kandili, inawaka. Thadeo akavua shati, akashika ngazi, akashuka.

Tulimsikia akikohoa. Halafu hatukumsikia tena. Walimtoa kwa kamba na ndoano, na sura yake sitaki kukuelezea.

Hitima ilisomwa siku ile ile, uani kwingine. Kabla ya jua kuzama Kitwana alikuwa ameshawaambia wageni kwamba fundi alikuja amelewa tembo, akateleza ngazini. Neno hilo lilishika. Mtu wa heshima kalisema, na marehemu ni wa dini nyingine, nani angebishana? Kristina, mkewe Thadeo, alimzika mume ambaye hakuwahi kugusa tembo, huku watu kaburini wakinusa hewa. Mtoto wao Nikolaus alikua akiitwa mtoto wa mlevi wa shimoni.

Kristina hakugombana na mtu. Alikuwa na swali moja tu, na mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja. Akikutana na Adamu sokoni, kisimani, hata kwenye misiba, watasalimiana vizuri, kisha atamuuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, taa ilizimika?" Adamu atatazama miguu yake, aseme ana haraka. Ikafika mahali akimwona mama yule anakata njia. Sisi tulidhani Kristina amechanganyikiwa. Mama mtu mzima na taa, taa, taa.

Miaka ikaenda. Nikolaus akarithi waya na spana za baba yake. Mimi nikaolewa. Halafu Kitwana naye akafa, na Adamu akabaki mkubwa wa nyumba. Arobaini ya Kitwana ndugu wakaja wale wale, tangi likakauka vile vile, na magunzi yakaingia bombani. Ungedhani hakuna aliyekuwapo mara ya kwanza. Fundi alikuwa mmoja tu mjini, ikabidi aitwe Nikolaus.

Kristina alimfuata mwanawe mpaka uani, khanga kaifunga kiunoni, hakumsalimu mtu. Nikolaus akataka kandili na kamba. Akatafuta wa kumshikia, na wanaume wote wakamtazama mwenye nyumba. Adamu akaipokea kamba. Nikolaus akaenda ndani kulegeza bomba, kama baba yake.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu, mtoto mgongoni. Taa iliteremka. Kristina hakutazama shimo, alimtazama Adamu usoni. Kamba ikapanda polepole, na kandili ikatokea juu, kioo kimeingia moshi, utambi mweusi.

Mkono wa Adamu ukaenda mfukoni, ukatoka na kiberiti. Akakiangalia kama kitu cha mtu mwingine. Nikolaus alikuwa anatoka mlangoni, anavua shati.

"Shemeji," Kristina akasema, "taa ilizimika?"

Adamu akaketi pale pale kwenye zege. Alipojibu hakunong'ona, alijibu kwa sauti ya kusikika na wageni wote.

"Ilizimika, Mama Niko. Ilipanda imekufa kama hivi. Kaka ananiita, Sheikh anakuja, nikasema labda imegonga ukuta. Nikaiwasha tena mwenyewe, kabla mumeo hajatoka. Hakuwa amelewa. Alikuwa mzima, na aliniuliza."