Mashine Zilizogeukia Mlango wa Jikoni

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Fundi Jino alikuwa amesimama kwenye bomba la uani, povu la dawa ya meno mdomoni, pale mashine namba nne ilipoingia getini kwa miguu yake minne ya chuma. Aliitambua kwa kiraka cha mguu wa kushoto. Alikichomelea mwenyewe miaka thelathini na nane iliyopita akiwa na haraka, na haraka hiyo bado ilionekana. Mashine ilikuwa na vumbi hadi kwenye mkono wa kuzungushia, na ilitembea taratibu kama mgeni anayeogopa kuchafua sakafu iliyopigwa deki.

Fundi alitema, akasukutua, akasogeza ndoo ipate kupita.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Mashine."

"Ya nani?"

"Yetu. Namba nne."

"Haya, karibu yake. Iambie isinikanyagie vitunguu."

Haikuvikanyaga. Ilizunguka kitalu, ikafika katikati ya ua, ikatulia. Fundi aliifuta vumbi kwa tambara, akaitia matone mawili ya oili, akaenda kunywa chai.

Asiyemjua angedhani mzee huyu anang'oa watu meno, na kweli mara mbili waliwahi kuja watu wamejishika mashavu. Lakini yeye ni fundi wa zana za shamba. Tangu ana miaka kumi na tisa hadi sasa ana sabini na mbili, kazi yake imekuwa moja tu, kutengeneza vitu vya kumpunguzia mkulima maumivu ya mgongo. Vingine vilikuwa vituko vitupu. Alitengeneza kipandio cha mbegu chenye gurudumu moja kubwa na jingine dogo, kwa sababu ndiyo aliyoyapata, na shamba lililopandwa kwa kipandio kile lilikwenda upogo mpaka mwenye shamba akawa anapalilia huku anacheka peke yake. Alitengeneza kifukuza ndege, na ndege wakakipenda kupita kiasi. Mwenyewe hakukata tamaa. Kila kilichoharibika alikifungua, akakitazama, akajicheka, akaanza upya.

Ila mashine ya kupukuchua mahindi, hiyo hakuna aliyeicheka. Ndani yake mna gurudumu lenye meno, na jino moja ni refu kuliko mengine. Jino hilo linatangulia kufungua mstari mmoja wa punje kwenye hindi. Mstari huo ukishatoka, mingine inadondoka kwa raha zake, wala punje haipasuki. Siri yote ilikuwa hapo, na jina lake lilitokea hapo. Alitengeneza mashine mia tatu na kumi na mbili, na kila moja akaipigia namba ubavuni.

Jino lile, kama alivyosimulia kwenye magazeti mawili, redioni na kwenye kila harusi aliyopewa nafasi ya kusema neno, alilipata ndotoni.

Ilipofika saa nne zilikuwa zimeshaingia nyingine sita. Jumatano jioni zilikuwa themanini na tatu. Zilikuja kwa barabara kuu, zikifuata upande wake, na pale shuleni zilisimama kungoja watoto wavuke. Askari wa barabarani alizipigia saluti, kisha akazisimamisha kupisha lori la saruji. Kipandio kilikuja upogo, kikaligonga geti mara mbili kabla ya kuingia. Kifukuza ndege kilifika na ndege wake kumi na wanne, wote wazima. Wenye mashine walipiga simu moja moja.

"Fundi, yangu imeondoka alfajiri. Ikifika iambie nimeanza kuvuna, Jumatatu naihitaji."

"Namba ngapi?"

"Mia na tisa."

"Imeshafika. Inapumzika."

Jirani wa kushoto, fundi cherehani, alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba mashine mbili zilizokosa nafasi uani zilikuwa zinamzibia mlango wateja. Aliziambia, zikasogea. Mchana wake alizipelekea kitambaa cha kujifunikia jua.

Siku hizo Fundi alikuwa na furaha ya mtu aliyetembelewa na watoto wake wote kwa mpigo. Alipita katikati yao na kopo la oili, akizigonga ubavuni. Hii ndiyo niliyoitengeneza nina homa. Hii ilisomesha watoto wanne wa mjane mmoja, mmoja sasa ni nesi. Hii walinipa mbuzi, mbuzi akala michoro yangu yote. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi. Na Ijumaa bwana shamba na wakubwa wake wa ofisi ya kilimo wangekuja kumvisha nishani papo hapo uani, na habari zake zingeingia kwenye kitabu cha shule. Nishani hiyo ameisubiri miaka ishirini. Suti ilishapigwa pasi.

Jambo lililomsumbua lilikuwa dogo. Mashine zote zilisimama zimeelekeza mikono yake kwenye mlango wa jikoni. Alizigeuza tatu zilizokuwa mbele zimtazame yeye, na alipotoka kunawa akazikuta zimerudi kama zilivyokuwa. Kisha akajaribu kuzungusha namba nne. Mkono haukwenda. Akaongeza oili, akagonga kwa nyundo ya mpira, akashika kwa mikono miwili na mguu mmoja ubavuni mwake. Wapi! Akajaribu namba tano, namba kumi na saba, namba mia na tisa. Zote zilikuwa zimekaza, na Jumatatu watu wanavuna.

Mkewe alitoka jikoni na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akayamwaga kwenye vitunguu. Alipokuwa anarudi aliingiza kidole gumba kwenye mdomo wa namba nne, akaligusa lile jino refu kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Kwa mkono wa pili akazungusha. Mashine ikazunguka laini kabisa.

"Mbona nzima," alisema.

Akatoa kidole. Fundi akaushika mkono wa mashine, haukwenda.

Basi hapo Fundi alikaa chini, juu ya beseni lililofudikizwa, akashika tama. Hakuhitaji kuambiwa. Alikumbuka vizuri mno.

Walikuwa wameoana mwaka mmoja. Yeye alikuwa na mashine inayopasua punje, ya tisa kuharibika, na alikuwa ameitupia spana kwa hasira. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini, tumbo kubwa, anapukuchua mahindi kwa kidole gumba. Hindi moja, jingine, jingine, bila haraka. Akamwita. Akamshika mkono, akamwekea kidole kwenye hindi. "Unatoa mstari mmoja kwanza. Ukitoka huo, mingine haina pa kushikilia. Sasa wewe meno yako yote yanaingia kwa pamoja, lazima yavunje. Moja lifanye refu." Jioni ile akalifanya refu. Wiki iliyofuata walikwenda kuandikisha mashine, lakini mke alishikwa na uchungu njiani, wakapitia hospitali, na Fundi akaenda ofisini peke yake. Karani alimwambia jina moja latosha, nafasi yenyewe ni moja. Mwandishi wa kwanza alipomuuliza wazo limetoka wapi, Fundi alifungua mdomo aseme kweli, ikatoka ndoto. Mara ya pili haikumsumbua. Mara ya kumi aliiamini.

"Mama watoto," aliita. "Kwa nini hukunisuta hata siku moja?"

Mkewe alivuta kigoda, akakaa. "Nikusute mbele za watu? Halafu ndoto yenyewe ulikuwa unaisimulia vizuri. Mwaka ule ulipoongeza radi, hata mimi nilishtuka."

"Radi ilikuwa nyingi?"

"Ilikuwa nyingi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Iliniuma, baba. Nisikudanganye. Kila ukifika pale penye kuota nilikuwa nakwenda kupika chai ambayo hakuna aliyeiagiza."

"Ulikuwa unasubiri nini miaka yote hiyo?"

"Uamke," mkewe alisema.

Aibu ilimshika Fundi mpaka masikio yakamwaka moto. Na katikati ya aibu hiyo alimpenda mwanamke yule upya, pale pale juu ya beseni, kwa nguvu iliyomtia hofu mtu wa umri wake.

Ijumaa saa nne kamili wageni walifika. Mashine zote mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimefika na ua umejaa, kwa hiyo viti vilipangwa katikati yake, na mkuu wa ofisi ya kilimo alikalishwa kati ya namba sitini na namba sitini na moja. Alizishukuru kwa kumpisha. Bwana shamba, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alisoma wasifu wa Fundi kutoka mwanzo hadi ndotoni. Nishani ikavalishwa. Watu wakapiga makofi, Fundi akaombwa aseme neno.

Alisimama. Aliitazama ile nishani, ilikuwa nzuri kweli, ina mduara wa mahindi na jina lake limechongwa kwa herufi kubwa.

"Sikuota," alisema. "Usiku ule sikulala kabisa, nilikuwa nachomelea. Jino refu ni la huyu." Akamwonyesha mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Alikuwa na mimba ya miezi minane, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akanionyesha. Mimi nilichomelea. Kuchomelea najua, nisijishushe sana. Lakini bila yeye ningekuwa bado nawauzieni mashine ya kupasua punje. Na ile radi pia ni uongo, samahanini."

Namba nne ikaanza kuzungusha mkono wake yenyewe. Namba tano ikafuata, na namba kumi na saba, na za nyuma, na zile mbili zilizokuwa nje kwa fundi cherehani, mpaka zote mia tatu na kumi na mbili zikawa zinazunguka pamoja, na bati la jikoni likatetema. Ndege kumi na wanne waliruka mara moja, wakatua. Fundi cherehani akapiga vigelegele. Mke wa Fundi aliweka birika chini, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimcheza, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, naye mwenyewe hakujua.

"Hongera sana, mama," mkuu wa ofisi alisema kwa sauti ya juu ili asikike. "Hongera sana."

Mashine ziliponyamaza, bwana shamba alichomoa kalamu na fomu yake. Aliitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

"Mzee, shida ni kwamba nafasi ya jina la mvumbuzi ni moja. Na nishani imeshachongwa. Na kitabu nacho kimeshakwenda kuchapwa."

"Liandike lake, langu likate."

"Nikikata inakuwa fomu batili, mzee. Tunaanza tena mwanzo, na mwanzo ni miaka ishirini." Akafikiri. "Naweza kuandika hapa chini, kwa penseli, 'familia ilisaidia'."

Fundi alifungua mdomo agombe. Mkewe akamgusa kiwiko. "Mwache kijana wa watu. Chai inapoa."

Mashine hazisomi fomu. Zilikuwa zimesikia zilichokuja kusikia, zikaanza kujipanga zirudi mashambani kabla ya Jumatatu. Mkuu wa ofisi akaziomba zisubiri kidogo ipigwe picha ya ukumbusho. Wote wakajipanga, Fundi katikati, wakubwa kulia na kushoto, mashine nyuma na ubavuni, kipandio mbele kimekaa upogo. Hapo ikaonekana kwamba hakuna aliyebaki wa kupiga. Bwana shamba alitazama huku na huku, akampelekea kamera mke wa Fundi.

"Samahani, mama. Hebu tusaidie."

Fundi alitaka kutoka mstarini. Mkewe alimwonyesha kidole, kile kile gumba, abaki pale pale.

"Simama vizuri, Fundi," alisema. "Na safari hii usifumbe macho."

Zikaondoka alasiri, namba kwa namba, isipokuwa namba nne iliyobaki karibu na vitunguu na ipo mpaka leo. Mavuno yalikwenda vizuri. Kitabu kilifika mwaka uliofuata. Mjukuu aliwasomea kwa sauti, ukurasa wa thelathini na sita, jinsi Fundi Jino alivyolala usiku wa mvua, radi ikapiga, akaota jino refu. Mkewe alicheka mpaka akaomba maji. Fundi alichukua tupa, akakwangua jina lake kwenye nishani, akachonga la mkewe kwa mkono. Sasa nishani inaning'inia jikoni, kwenye msumari wa chujio, upande huo ukitazama nje.

Na kila mwaka, wiki moja kabla ya mavuno, mashine zinakuja kumsalimia. Mama anapita kuzigusa moja moja, na Fundi anamfuata na kopo la oili.

Ile picha ipo kwenye ukumbi wa ofisi ya kilimo, katika fremu yenye kioo. Chini yake pameandikwa jina la Fundi, jina la mkuu wa ofisi, tarehe na idadi ya mashine. Mpiga picha hakuandikwa. Mashine zote mia tatu na kumi na mbili zimemwelekezea mikono yake, na katikati ya mashine hizo Fundi Jino ameyatoa macho, anamtazama yeye, anacheka meno yote nje.