Kuonyesha Kongoni, Kuficha Kongoni

Mwaka wa hamsini na saba, wawindaji wenye permi, yaani kibali cha bunduki, katika kambi yetu ya mgodi ya Musonoi walikuwa watatu tu, na hao watatu waliweza kugombana kama watu thelathini. Nawajua vizuri kwa sababu waligombana uani kwangu, juu ya viti vyangu, wakinywa munkoyo wangu, kinywaji cha mahindi nilichokuwa nakitengeneza kitamu mno, kisha nikajuta.

Wa kwanza alikuwa Mukalay, mtu wa kaskazini, fundi wa kufuata nyayo. Hata akienda dukani kununua chumvi alitazama chini, kana kwamba chumvi imepita hapo asubuhi. Wa pili alikuwa Polycarpe, karani wa ghala, aliyekubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Wa tatu alikuwa mume wangu, Badibanga, ambaye mimi na majirani tulimwita Tata Elise kwa jina la binti yetu. Wa tatu na wa mwisho, maana sisi tulitoka Kasai, na permi ziligawanywa kwa kuanza na waliotangulia.

Mwaka ule serikali ilisema wanyama wa porini watahesabiwa kwanza. Wakionekana wengi, permi zitabaki tatu. Wakionekana wachache, moja itakatwa, na si lazima niseme ya nani. Bunduki isiyo na permi ilifungiwa stoo ya serikali, na gobori ikiingia mle ilitoka imeota kutu, kama ilitoka.

Sasa, baruti za mgodini zilikuwa zimemla Tata Elise sikio la kushoto. Kampani ikamwondoa kwenye mashine ya kutoboa mawe, ikampa ufagio wa karakana. Watu waliozoea kumwita shefu, mkubwa wao, wakaanza kumpita kama mlango. Lakini Jumapili aliposhuka kutoka uwanda wa juu wa Manika na paja la kongoni begani, kambi nzima ilikumbuka jina lake. Bila ile gobori angebaki mtu wa ufagio. Alilijua hilo, nami nililijua, na ndiyo maana miezi ile hakuweza kukaa kwenye kiti hata kwa muda wa kumaliza kikombe.

Wa kuhesabu alikuwa Mbelgiji mmoja tuliyemwita Bwana Jumeli, kwa sababu ya ile darubini ya macho mawili, jumeli kwa lugha yao, iliyoning'inia kifuani pake hata kanisani.

"Ameniita mi," Mukalay alisema Jumapili moja, akinyoosha miguu yake mirefu mpaka karibu na jiko langu. "Siku ya kuhesabu nitapanda naye mu gari yake ya jipu, nimuonyeshe njia. Nitamupeleka upande wa mawe. Ataona mijusi, atarudi kwake."

Tata Elise alikuwa tayari amesimama. "Mijusi? We Mukalay, unataka banikate permi?"

"Nataka tubakie na pori ya kuwindia. Sikia."

"Nasikia na moja, inatosha."

"Sikia na ile moja, basi. Kule kwetu muzungu mumoja alikuja, akaona banyama mingi, akafurahi sana. Akatupongeza! Akatupiga picha. Mwaka iliyofuata akaleta milingoti nyeupe, akazungusha pori yote. Sisi tuhame, banyama babakie. Muzungu akiona kidogo, anakata permi. Akiona mingi, anakata pori."

"Na hiyo permi ya kukatwa ni ya nani?"

"Si mi niliyekupanga nyuma."

"Ungekuwa wa tatu, ungesema ivyo?"

Mukalay akauzungusha munkoyo kikombeni. "Ningekuwa wa tatu ningepiga kelele kama weye. Lakini kweli ingebakia tu ile ile."

"Mukalay ana haki," Polycarpe akasema.

"Haki ya nini?" Tata Elise akafoka. "Bakifunga bunduki yako we, Polycarpe, banyama bote batakuja kukuaga. Hujapata hata mumoja!"

"Badibanga naye ana haki," Polycarpe akasema.

"Na kiti changu kina haki, Tata Polycarpe," nikamwambia. "Acha kukiyumbisha."

Waliondoka bila kupatana. Usiku Tata Elise aligeuka geuka kitandani mpaka nikamwambia akalale uani na kuku, ambao angalau hugeuka kwa zamu.

Shamba langu lilikuwa juu, pembeni ya barabara ya udongo inayokata uwanda wa Manika. Mihogo, viazi vitamu, na zaidi ya hapo nyasi tupu mpaka mtoni. Sisi wanawake tulikuwa tukichoma nyasi za kando ya mashamba kupata jivu, mara tu mvua zinapoisha. Baadaye kiangazi moto ulikuwa na sheria yake na kibali chake, kama kila kitu kilichowaka au kilichopumua wakati ule. Na mwindaji yeyote anajua jambo hili: choma nyasi kavu, ngoja kidogo, majani mabichi yatachomoza juu ya jivu, na kongoni hawawezi kuyapita. Watatoka walikotoka.

"Tuchome kipande kile cha nyuma ya kilima," nikamwambia mume wangu tukiwa tunalima. "Wakija, watakuwa karibu na barabara."

Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. "Bakinikamata na kiberiti, permi inaenda mbele hata ya kuhesabu."

"Nani amesema kiberiti chako?"

Nilichoma mimi mwenyewe, asubuhi isiyo na upepo. Kwanza nililima ukanda mtupu kuzunguka kipande, ili moto usitoke, kisha nikatembea pembeni yake na tawi bichi nikipiga kila ulimi uliojaribu kutoroka. Tata Elise alikuwa kazini na ufagio wake. Niliporudi kambini nilikutana na Mukalay kwenye bomba la maji. Bila shaka alitazama chini.

"Mama Elise, visigino vyako vina jivu."

"Na vyako vina nini, Tata Mukalay? Mbona mimi siulizi?"

Akanitazama muda mrefu kidogo, akabeba ndoo yake, akaenda.

Majani yakachomoza, machache kwanza, kama ndevu za kijana. Kila siku ya mapumziko Tata Elise alipanda kule na baiskeli mbio, akarudi anahema. Mara aliwaona watano. Mara kundi. Mara hakuna hata kwato.

"Hawako! Mama Elise, hawako! Wameenda wapi?"

"Misa."

"Usicheke. Bakikosa siku ile, mi nimekwisha."

Sikucheka sana. Alianza kuacha chakula. Alisafisha gobori ambayo haikuwa chafu, akaiweka, akaichukua tena. Kama angeweza kulala kule porini na kuwashika kongoni mikia, angelala.

Siku ya kuhesabu aliomba ruhusa ya kung'oa jino, jino zima kabisa, na tukawa shambani kabla jua halijapanda. Nyuma ya kilima walikuwepo! Wengi kuliko siku zote, wekundu wekundu, na zile nyuso zao ndefu kama za watu waliopewa habari mbaya. Lakini kutoka barabarani hukuweza kuwaona. Kilima kiliwaficha. Hilo hatukuwa tumelifikiria, sisi wenye akili.

Kisha tukasikia jipu. Bwana Jumeli aliendesha mwenyewe, Mukalay pembeni yake, Polycarpe nyuma akiwa ameshika chupa za maji. Mkono wa Mukalay ulikuwa umenyooka kuelekea upande wa mawe.

"Banapita," Tata Elise akanong'ona.

"Naona."

"Mama Elise, banapita!"

Nilitupa jembe, likaanguka juu ya jiwe, mpini ukavunjika, nikakimbia mpaka katikati ya barabara nikasimama na mikono kiunoni. Jipu lilinifikia likiteleza, vumbi lote likanipita usoni.

"We mama!" Bwana Jumeli akapiga kelele. "Unataka kufa?"

"Hapana, Bwana. Nataka kushitaki."

"Kushitaki nani?"

"Nyama zako. Zinakanyaga matuta yangu. Kama ni zako kweli, zifunge kamba."

Polycarpe akacheka, halafu akamtazama bwana, akaacha. Mukalay akasema haraka haraka: "Bwana, huyu mama anapenda muchezo. Hapa hakuna nyama."

Bwana Jumeli akamtazama Mukalay. Akanitazama mimi. Akazima gari, akapanda kilima na darubini yake, nasi sote nyuma yake.

Sijapata kuona mzungu akifurahi vile bila chupa. Midomo yake ilitembea akihesabu, akakosea, akaanza tena, akatabasamu peke yake kama mtoto mbele ya sahani ya nyama. Tata Elise alikuwa ameshika ncha ya kitenge changu. Nikadhani tumeshinda.

Ndipo Bwana Jumeli akashuka kwenye kipande chenyewe. Akapiga jivu kwa ncha ya kiatu. Akafuata ule ukanda niliolima kuzunguka moto, vizuri, kwa ustadi wangu wote, na tabasamu likafutika.

"Mukalay. Umesema hapa hapana nyama."

Mukalay alitazama chini, kama kawaida yake.

"Moto wa kuficha. Nyama za kuficha. Mimi unanipeleka kwenye mawe, wewe unakuja hapa kuchinja. Hii ni bucha yako! Leta permi."

Mukalay akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa shati. Alinitazama mara moja tu, na macho yake yalishuka mpaka kwenye visigino vyangu, yakapanda tena. Kisha akamkabidhi bwana karatasi.

Hebu fikiri. Mukalay akitoka, Polycarpe anakuwa wa kwanza na mume wangu wa pili, na ile permi ya kukatwa imeshapatikana. Sikuwa na haja ya kufanya lolote zaidi ya kunyamaza. Ila mtu yeyote wa Musonoi atakuambia kunyamaza si kazi yangu. Na kabla sijafungua mdomo, Tata Elise akaachia kitenge, akasogea mbele.

"Bwana," akasema, "huu moto..."

Nilimwona anavyovibeba, permi, bunduki na jina lake kambini, ili akavitupe vyote miguuni pa yule mtu. Nikamkanyaga kidole.

"Huu moto ni wangu, Bwana. Nilitaka jivu la viazi. Mukalay hajui kitu."

"Wewe? Una kibali cha moto?"

"Sina. Na permi sina, na bunduki sina. Uninyang'anye nini? Jembe liko pale, ila mpini umevunjika."

Shingo ya Bwana Jumeli ikawa nyekundu. Hakuwa mjinga. Alinitazama mimi, akamtazama Tata Elise anayeugulia kidole, akatazama kongoni.

"Na ulijua watakuja?"

"Hawakuniambia, Bwana."

Akamrudishia Mukalay karatasi yake, akaisukuma kifuani pake. "Permi kamata. Lakini kunipeleka porini, basi. Mwaka ujao ananipeleka huyu." Akamwonyesha Polycarpe.

"Ndiyo, Bwana," akasema Polycarpe, ambaye angeweza kupotea kati ya ghala lake na choo.

"Nyama ni nyingi. Vizuri sana. Permi zinabaki tatu."

Tata Elise akageuza sikio lake zima. "Ngapi, Bwana?"

"Tatu!"

Mume wangu alikaa chini, pale pale kwenye jivu, na suruali yake ya kanisani. Alikaa kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akashika magoti akicheka bila sauti.

Bwana Jumeli alikuwa bado anaongea, darubini machoni. "Mahali hapa panafungwa, wapate kuzaa. Kutoka barabara mpaka mto. Hakuna bunduki, hakuna moto, hakuna jembe."

"Jembe?" nikauliza.

"Mvua ya kwanza, tunasimamisha milingoti. Toa mihogo yako kabla." Kisha akanipa mkono, akautikisa kwa moyo mmoja. "Asante, mama. Umenionyesha kitu kizuri sana."

Jipu likaondoka. Polycarpe alikaa mbele. Mukalay aliachwa barabarani na vumbi lake.

Mukalay alijikung'uta vumbi. Halafu Mukalay akasema, polepole, kama mtu anayeonja: "Nilikuambia."

"Permi tatu!" Tata Elise akaruka juu.

"Ya kuwindia wapi? Hapa pamefungwa. Kumebakia ng'ambo ya mto Lualaba. Utaenda Jumapili na ile baiskeli yako, urudi siku gani? Banakungoja na ufagio."

"Nitafika."

"Utafika na nini? Na ruhusa ya jino?"

"Ungemuonyesha wewe mwenyewe nusu ya kundi tangu mwanzo, upande mwingine, asingefunga hapa!"

"Ungemuacha aone mijusi, asingefunga popote!"

Nikaokota jembe langu lililovunjika mpini, nikamwekea Mukalay mkononi. Jingine nikampa mume wangu.

"Mihogo haitajing'oa," nikasema. "Mmekata shamba langu, mmoja kwa kuficha, mwingine kwa kuonyesha. Na mimi kwa kusimama barabarani, najua, usiniambie. Chimbeni."

Mukalay akalitazama jembe. "Mama Elise, mi ni muwindaji."

"Basi fuata nyayo za muhogo. Zinaenda chini."

Wakachimba. Mukalay alivuta vibaya, mizizi ikakatika, nikamgombeza, akanijibu, Tata Elise akamcheka, naye akakata wake. Kongoni waliinua vichwa kusikia kelele, wakaona ni sisi tu, wakarudia majani yangu.

"Ile ng'ambo ya Lualaba," Tata Elise akasema baada ya tuta moja, bila kuinua kichwa. "Kuna pa kuvukia?"

"Kuko pahali. Lakini lazima mutu asikie maji kabla ya kuyaona. Weye utasikia nini?"

"Nitakusikia weye. Hunyamazi."

"Nani amesema nitakupeleka?"

"Nani amesema nimekuomba?"

Wakaanza upya, kuhusu mto sasa. Niliwaacha wagombane, mradi mikono isisimame. Mistari ilikuwa mingi bado na magunia hayakutosha, na upande wa Dilolo, mvua zinakotoka, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.